Kabaka Mwanga: Hasira Inayojua wa Kumpiga



Kila mwaka inapokaribia tarehe 3 Juni, Wakristo wengi wa Kenya hufunga safari ya Namugongo nchini Uganda ili kusali mahali walipochomwa moto Mashahidi wa Uganda. Wengine huenda kwa basi, wengine kwa miguu. Sisi wa Kahawa Sukari tunakumbushwa habari zao hata bila kusafiri, maana majirani zetu wa Kahawa West wana parokia yenye jina la mmoja wao, Mtakatifu Yosefu Mukasa. Tena watoto wetu wengi wamebatizwa Kizito, Lwanga na Denis. Karibu kila mmoja wetu anajua jinsi mashahidi hao walivyokufa.

Leo, katika ukurasa huu wa ndoa, nakuomba tumtazame yule aliyewaua. Kabaka Mwanga wa Buganda tumezoea kumtaja kama mfalme katili, kisha tunapita. Tunasahau kwamba alikuwa pia mwenye nyumba. Wengi wa vijana wale walikuwa watu wa nyumbani mwake. Walimhudumia mchana na usiku, walingoja mlangoni pake, na wazazi wao walikuwa wamewakabidhi kwake awalee. Habari ya mwaka 1886 ni habari ya dini na ya ufalme, ndiyo, lakini pia ni habari ya mkuu wa nyumba aliyewageukia watu aliopaswa kuwalinda. Hapo ndipo inapotuhusu sisi tulio katika ndoa.

Wala usidhani kwamba jambo hili liko mbali nasi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii uliofanywa hapa Kenya mwaka 2022, wanawake 34 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walieleza kwamba wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Kwa wale waliowahi kuolewa, aliyetajwa mara nyingi kuliko wote ni mume. Hesabu hiyo inawahusu na wale tunaokaa nao katika benchi moja kanisani.

Kijana aliyekulia penye hofu

Mwanga alizaliwa mnamo mwaka 1868. Baba yake alikuwa Kabaka Muteesa wa Kwanza, na mama yake Abisagi Bagalayaze. Alikulia katika ufalme ambamo neno moja la mfalme lilitosha kumwondolea mtu uhai. Muteesa aliwapokea wageni Waarabu na Wazungu kwa heshima na kupenda kusikiliza mafundisho yao, lakini adhabu ya kifo ilikuwa jambo la kawaida katika ikulu yake.

Muteesa alipofariki mwezi Oktoba 1884, Mwanga alikuwa kijana wa miaka 16 hivi. Alikabidhiwa kiti kikubwa kabla hajawa mtu mzima. Alizungukwa na machifu wazee waliomtumikia baba yake, na waziri mkuu wake, yaani Katikkiro, alikuwa mtu mwenye nguvu na ujanja kuliko yeye. Habari kutoka pwani zilisema Wajerumani wanatwaa nchi. Kijana huyo alikuwa na mamlaka yote juu ya watu, na ndani yake alijaa hofu.

Wataalamu wa mambo ya akili wanatuambia kwamba mtoto anayekua akiona nguvu ikitumiwa kama sheria ya nyumba hujifunza somo hilo bila mwalimu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi baba, mama, msipigane mbele ya watoto mkidhani kwamba wamelala. Hawajalala. Wanasikiliza, nao wanajifunza jinsi mume anavyoishi na mke.

Hata hivyo, malezi si udhuru. Yosefu Mukasa Balikuddembe alitumika kama kijana wa ikulu tangu siku za Muteesa yuyo huyo. Aliona damu ile ile na kusikia amri zile zile. Lakini alipopewa madaraka ya kuwasimamia vijana wa ikulu alikuwa mpole kwao kama kaka mkubwa. Watu wawili walitoka katika mazingira yanayofanana, kila mmoja akashika njia yake. Kwa hiyo mume anayesema kwamba anampiga mkewe kwa sababu baba yake alimpiga mama yake anatueleza alikojifunzia. Hajatueleza kwa nini hataki kuacha.

Utulivu baada ya dhoruba

Mwanga hakuanza kama adui wa Wakristo. Alipokuwa mwana wa mfalme alifanya urafiki na wamisionari, na alipopata kiti aliwaita tena Mapadre Weupe waliokuwa wameondoka Buganda mwaka 1882. Walirudi Julai 1885, naye akawapokea vizuri. Mkuu wao katika mambo ya ikulu alikuwa Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera.

Lakini tazama mfululizo wa mambo. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa. Kisha kukawa na utulivu, na Julai wageni wakakaribishwa. Tarehe 29 Oktoba Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa huko Busoga kwa amri ya Mwanga. Balikuddembe alithubutu kumwambia bwana wake kwamba amekosea, na tarehe 15 Novemba Balikuddembe akauawa, wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki. Baada ya hapo dhoruba ilitulia kwa miezi sita. Huenda wengi walidhani kwamba mfalme ameridhika.

Mama anayepigwa anaufahamu mfululizo huu kuliko mtu yeyote. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Lenore Walker aliandika juu yake baada ya kuwasikiliza wanawake wengi waliopigwa na waume zao. Alieleza kwamba kwanza nyumba hujaa wasiwasi, na mke hutembea kama mtu anayekanyaga mayai. Kisha kipigo huja. Baadaye mume huwa mpole, huomba radhi, huleta nyama na leso mpya, huenda hata kanisani. Si kila nyumba hufuata hatua hizo tatu sawasawa, lakini wengi huzitambua. Kipindi cha upole ndicho kinachomfunga mke. Anaamini kwamba mume wake wa kweli ni yule wa kipindi cha upole, na yule mwingine ni shetani tu au pombe. Ndugu msomaji, utulivu baada ya kipigo si ushahidi wa toba. Toba huonekana pale mtu anapopata sababu ya kukasirika na uwezo wa kupiga, lakini hapigi, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka.

Jioni ya Munyonyo

Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alikuwa akikaa Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria. Siku hiyo alikwenda kuwinda viboko ziwani akarudi mikono mitupu. Alipofika hakukuta vijana wa kumhudumia, kwa kuwa wengi walikuwa wamekwenda kwenye mafundisho. Kwa muda alikuwa tayari na uchungu nao, maana wale waliomfuata Kristo walikataa kumridhisha katika tamaa chafu alizowataka. Kwake, kukataliwa na mtumishi lilikuwa tusi ambalo mfalme hawezi kulimeza.

Kisha akamwona Mwafu, kijana aliyempenda sana, mwana wa Katikkiro. Alimuuliza alikokuwa, akaambiwa kwamba alikuwa pamoja na Denis Ssebuggwawo. Denis, kijana wa miaka 16 hivi, alipoulizwa alikiri bila kuficha kwamba alikuwa akimfundisha mwenzake dini. Mwanga akachukua mkuki akamchoma. Denis alikabidhiwa kwa wauaji, akafa kesho yake. Kesho yake hiyo vijana wa ikulu waliitwa mbele ya mfalme, na wale waliokiri Ukristo wao wakafungwa kamba na kuanza safari ya Namugongo. Huko, tarehe 3 Juni, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto.

Hapa nakuomba usimame kidogo uyatazame mambo kwa utulivu. Wengi wetu tukisikia habari hiyo husema kwamba mfalme alipofuka kwa hasira. Je, alipofuka kweli?

Vijana wawili walikuwa katika kosa moja, Denis aliyefundisha na Mwafu aliyefundishwa. Mwafu, ambaye baba yake alikuwa Katikkiro, hakuchomwa mkuki. Denis alichomwa. Padre Lourdel, ambaye ndiye aliyeileta dini hiyo, alifika Munyonyo kesho yake kuwaombea vijana akakataliwa, lakini hakuguswa. Mackay, mmisionari Mwanglikana, naye hakuguswa. Askofu Hannington aliuawa, ni kweli, lakini mbali, kwa mikono ya watu wengine, kabla uso wake haujaonekana ikuluni. Hasira ya Mwanga ilikuwa na macho mazuri sana. Iliwapita wenye nguvu ikamshukia asiye na wa kumtetea.

Nyumbani kwetu je?

Sasa tuje Kahawa Sukari, Ruiru na Thika. Baba ametoka kazini Nairobi. Mkubwa wake amemkaripia mbele ya wenzake, naye amejibu kwa adabu. Kondakta wa matatu amemtoza nauli zaidi, ameguna akalipa. Amesimama saa nzima katika msongamano wa barabara ya Thika. Mwenye nyumba amempigia simu kudai kodi, amemwita mheshimiwa. Anafika nyumbani, chakula hakijaiva, na mke anauliza pesa ya karo. Hapo ndipo mkono unapoinuka.

Akiulizwa na wazee wa jumuiya atasema kwamba hasira ilimshinda. Lakini tangu asubuhi alikuwa amekasirishwa mara nne na hakuna hata mtu mmoja aliyepigwa. Aliishinda hasira mara nne. Mara ya tano aliiachia, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na mtu aliyekuwa mbele yake hana uwezo wa kumfukuza kazi wala kumshtaki. Wengi hata hupiga mahali ambapo nguo itafunika alama. Mtu aliyepofuka hawezi kuchagua mahali.

Pombe nayo husingiziwa. Ni kweli kwamba pombe huongeza hatari, na mlevi anafaa kusaidiwa aiache. Lakini mlevi yule yule hampigi askari aliyemkuta njiani, wala mhudumu wa baa aliyekataa kumkopesha. Hupita wote hao akayumba hadi kwake.

Wala tusiwalaumu wanaume peke yao. Hasira ya nyumbani huteremka kama maji. Baba humpiga mama, mama humpiga msichana wa kazi kwa sababu ya kikombe kilichovunjika, naye msichana humfinya mtoto. Wako pia wanaume wanaoumizwa na wake zao na kunyamaza kwa aibu. Popote inapoteremka, humtafuta aliye chini.

Mwaka 1984, katika mji wa Duluth nchini Marekani, watu waliokuwa wakiwasaidia wanawake waliopigwa walichora mduara kutokana na yale waliyosikia kwa wanawake hao. Katikati ya mduara waliweka tamaa ya kutawala. Pembeni yake waliweka vitendo vingine visivyo vya kipigo: vitisho, matusi, kumkataza mke kuonana na ndugu zake, kumnyang'anya mshahara, kuwatumia watoto kama fimbo. Kipigo huvilinda vitendo hivyo. Mke akishapigwa mara moja, siku nyingine kumwangalia tu kunatosha. Basi kama mume wako hajakupiga mwaka huu kwa sababu hata kupumua unaomba ruhusa, usijihesabu kuwa una amani.

Waliowaficha watoto

Mama aliyepigwa akija kwetu mara nyingi huambiwa avumilie. Huambiwa kwamba ndoa ni msalaba, na wengine humtajia hawa mashahidi wenyewe, eti nao walivumilia mpaka mwisho. Nakusihi tuache kuwasingizia watakatifu wa Mungu jambo ambalo hawakulifundisha.

Mashahidi walifanya nini kabla ya siku ile? Balikuddembe, alipojua kwamba bwana wake anamtaka kijana fulani kwa nia mbaya, alimpeleka kijana huyo mahali pengine asionekane. Alipouawa, kazi hiyo ilishikwa na Karoli Lwanga. Lwanga ndiye aliyekuwa akimwepusha na mfalme Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi, mdogo kuliko wote. Hawakumwambia Kizito arudi kwa mfalme akavumilie ili amwongoe kwa upole wake. Walimwondoa hatarini, tena walifanya hivyo wakijua kwamba inaweza kuwagharimu maisha. Mashahidi walikufa kwa sababu hawakutaka kumkana Kristo. Hakuna aliyekufa kwa sababu alidhani mtu mwenye hasira ana haki ya kumpiga.

Kanisa letu linasema hivyo hivyo. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaeleza kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka kwa idhini ya Askofu, na kama kuna hatari katika kungoja, aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Hiyo si talaka. Kifungo cha ndoa kinabaki, na sababu ikikoma Kanisa linatamani maisha ya pamoja yarudi. Naye Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alifundisha kwamba kuwatendea wanawake ukatili ni woga wala si uanaume, na kwamba kuna wakati kutengana huwa lazima ili kuwalinda mwenzi dhaifu na watoto. Mama, ukikimbia usiku na watoto wako hujavunja ndoa. Aliyeivunja amani yake ni yule aliyekufanya ukimbie.

Kusamehewa bila kurudishiwa mkuki

Sasa sikiliza sehemu ya maisha ya Mwanga ambayo wengi hawaijui. Septemba 1888 alipanga kuwapeleka Wakristo na Waislamu katika kisiwa cha ziwani ili wafe njaa huko. Mpango ukajulikana, nao wakaungana kumwondoa kitini. Alivuka ziwa kwa mtumbwi akafika Magu, upande wa kusini, akakaa kwa Waarabu waliomtesa. Mwishowe alikimbilia wapi? Alikimbilia Bukumbi, karibu na Mwanza, katika misheni ya Mapadre Weupe, wale wale aliokuwa amewachomea watoto wao wa kiroho miaka miwili tu iliyopita. Wakampokea, wakampa mahali pa kukaa.

Baadaye Wakristo wa Buganda, kati yao wakiwa ndugu na marafiki wa mashahidi, walipigana ili kumrudisha, na kufikia Februari 1890 alikuwa ameketi tena Mengo. Ni msamaha wa ajabu, na siasa ilikuwa na sehemu yake. Lakini tazama jinsi walivyomrudisha. Vyeo vyote vikubwa waligawana wao wenyewe. Katikkiro alikuwa Apolo Kaggwa, ambaye mwaka 1886 alipigwa na mfalme huyo akaponea chupuchupu. Mwanga alirudishiwa kiti, lakini hakurudishiwa uwezo wa kumwua kijana jioni moja kwa sababu mawindo hayakupatikana.

Hili ndilo neno langu kwa wanajumuiya wanaopatanisha wanandoa. Kusamehe ni amri ya Bwana, nasi hatuwezi kuipunguza. Lakini kumsamehe mpigaji si kumrudishia mkuki mkononi. Mke aweza kusamehe kabisa moyoni akiwa bado kwa wazazi wake Githunguri au Murang'a. Aweza kusamehe na bado akaandikisha habari polisi. Na mume aliyetubu kweli hatanuna akiwekewa masharti. Atakubali aulizwe, atakubali atazamwe, atakubali kungoja. Anayedai msamaha leo hii na mke leo hii bado anatawala.

Mwisho wa Mwanga

Mwanga aliishi maisha ya kukimbia. Julai 1897 aliasi utawala wa Waingereza, na kwa jambo hilo wako wanaomkumbuka kwa heshima kama mpigania nchi yake. Alishindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, na mwezi Agosti mtoto wake Daudi Chwa, mwenye umri wa mwaka mmoja tu, akawekwa kitini mahali pake. Alitoroka tena akaungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na wote wawili walikamatwa Aprili 1899. Walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Huko Mwanga alibatizwa katika Kanisa la Anglikana, akaitwa Danieri. Alifariki tarehe 8 Mei 1903, mtu wa miaka 35 hivi, mbali na watoto wake. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1910 ikazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme.

Vijana aliowaua walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 na Papa Paulo wa Sita. Mimi nafurahi kwamba hata yeye alikufa akiwa amebatizwa. Mlango wa Mungu haukufungwa kwa Mwanga, wala haujafungwa kwako wewe baba unayesoma ukurasa huu mikono ikikutetemeka. Lakini ubatizo wake haukumrudisha Denis. Usingoje uhamishoni ndipo ubadilike.

Ufanye nini?

Kwako unayepigwa. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo. Mpe jirani au dada yako akutunzie nakala za kitambulisho, vyeti vya watoto na nauli kidogo. Ukiumizwa nenda hospitali kwanza, kisha polisi, uombe fomu ya P3 ijazwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani inamruhusu hakimu kutoa amri ya kumzuia mpigaji asikukaribie, na inahesabu pia matusi, vitisho na kunyimwa mali kuwa dhuluma. Simu ya 1195 hupigwa bila malipo, na ya 116 ni kwa ajili ya watoto. Jihadhari hasa siku unapoondoka na siku zinazofuata, kwa kuwa anayependa kutawala huwa mkali zaidi anapoona unamponyoka.

Kwako unayepiga. Acha kusema kwamba hasira ilikushinda. Kaa chini uandike majina ya wote waliokuudhi wiki hii ambao hukuwapiga, nawe utaona kwamba uwezo unao. Mwendee padre kwa kitubio, na mwendee mshauri kwa ajili ya tabia, maana kitubio huondoa dhambi na tabia hutaka kazi. Ukisikia moto unapanda, toka nje, utembee, usirudi mpaka upoe.

Kwetu sisi wa jumuiya. Tukisikia kelele kwa jirani tusiongeze sauti ya redio. Tusimkalishe mke mbele ya mumewe na kumtaka aseme yote, maana atasema kidogo na usiku atalipia hicho kidogo. Tumsikilize kwanza peke yake. Na kama amejificha, tusimwambie mume mahali alipo, hata akilia kwa machozi. Yosefu Mukasa hakumwonyesha mfalme walikokuwa vijana.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni watu gani hunikasirisha nisiwapige wala kuwatukana? Kwa nini walio nyumbani siwapi heshima hiyo?
2. Je, mke wangu, mume wangu au watoto wangu hubadilisha mazungumzo wanaposikia hatua zangu mlangoni?
3. Nani katika ukoo au jumuiya yetu anahitaji mahali pa kujificha, na sisi tuna nafasi?

Watakatifu Yosefu Mukasa, Karoli Lwanga na wenzenu, mziombee familia zetu.